Kadi ya Mwisho Imetoka: Weka Doo ama Tulia? Soma Hii Kabla Uchomeke kwa Poker

Manze, wacha nianze na aibu yangu kabisa, ndio usije ukadhani nakuandikia kama mjuaji.

Ilikuwa Jumamosi usiku, keja ya beshte yangu huko Roysambu. Wasee sita, meza moja ya plastiki, chapo na madondo kwa sufuria, na kadi. Kwa mfuko nilikuwa nimebeba thao 6, na karibu zote zilikuwa za landlord. Nilijiambia nacheza tu kidogo, nikiongeza ka-thao nalipa rent na nabaki na ya stima. Unajua hiyo hesabu. Kila mtu ashawahi kuipiga.

Saa sita hivi usiku nikapata K ya shupaza na J ya uru. Mezani zikatoka K ya kopa, 9 ya kopa na 4 ya maua. Tayari nina pea ya K. Tukabaki wawili, mimi na jamaa mmoja mpole hivi, msee hata haongei. Nikaweka doo, akalipa. Kadi ya nne ikawa 6 ya uru. Nikaweka tena, akalipa tena. Kadi ya mwisho ikaanguka: 2 ya kopa. Mezani kukawa na bob 3,000 na mbele yangu nimebaki na 4,000. Jamaa akagonga meza, maana yake haweki kitu, zamu ni yangu.

Nikajiambia, "Niko na pea ya K, niko mbele, huyu ni wa kufinywa." Nikasukuma zote 4,000. Akalipa kabla hata nitoe mkono mezani. Alikuwa na Q na 10, zote kopa. Kopa tano, flashi. Landlord wangu alikuwa ameenda hivyo, na sufuria ya madondo haijaisha.

Hakuna mtu alinicheka. Lakini kuna msee kwa hiyo mbogi tunamuita Profesa, hutengeneza simu huko Luthuli, na aliniuliza swali moja tu: "Bro, ulikuwa unataka nani akulipe?"

Sikuwa na jibu. Na hiyo ndio stori ya leo.

Kwanza tuelewane ni poker gani

Hapa mtaani ukisema poker, watu wengi wanafikiria ile ya kutupa kadi mpaka unabaki na moja, halafu unapiga kelele "niko kadi!" Ile ya kulishwa 2 na 3, na K ya kurudisha. Hiyo ni tamu lakini sio hiyo naongelea.

Hii yetu ni Texas Hold'em, ile unaona kwa muvi. Kila mtu anapewa kadi mbili za siri. Katikati ya meza zinatoka kadi tano za watu wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Unatengeneza kadi tano bora ukichanganya zako na za mezani. Kabla ya hizo za mezani kutoka, na kila zinapotoka, watu wanapata nafasi ya kuweka doo, kulipa aliyeweka mwingine, kuongeza, ama kutupa kadi na kutoka.

Kama hakuna mtu ameweka kitu, unaweza pia kucheki. Na hapa kucheki sio ile ya kucheki muvi. Ni kusema, "Mimi siweki, lakini bado niko." Haikugharimu hata shilingi.

Hiyo kadi ya tano, ya mwisho kabisa, inaitwa riva. Na riva ndio watu wengi huchomekea, kwa sababu poti imeshakuwa kubwa na kila uamuzi hapo ni wa doo ya maana.

Riva ni tofauti na kadi zingine zote

Kabla ya riva, kila mtu mezani ako na matumaini. Msee ako na kopa nne anangoja ya tano. Mwingine ako na 6, 7, 8 na 9, anangoja 5 ama 10. Ukiweka doo wakati huo, hata kama hulipwi na mtu mbovu, uko na sababu: unawalipisha hao wa kungoja. Wakitaka kuona kadi inayofuata, watoe kitu.

Kwa riva hiyo sababu imekufa. Hakuna kadi ingine inakuja. Aliyepata amepata, aliyekosa amekosa. Huwezi "kulinda" pea yako tena, kwa sababu hakuna kitu cha kuilinda nayo.

So ukiweka doo kwa riva, sababu zimebaki mbili tu:

1. Unataka mtu mwenye kadi mbovu kuliko zako akulipe.

2. Unataka mtu mwenye kadi nzuri kuliko zako azitupe.

Basi. Hakuna ya tatu. "Nilitaka kujua ako na nini" sio sababu. Ukicheki ukiwa wa mwisho kuongea, kadi zinafunuliwa na unajua bure. "Niko mbele" pia sio sababu, na hii ndio ilinimaliza mimi. Kuwa mbele ni kitu moja, kulipwa na wale uko mbele yao ni kitu ingine.

Swali la kwanza: nani mbovu kuliko mimi atalipa?

Turudi kwa msiba wangu. Mezani: K ya kopa, 9 ya kopa, 4 ya maua, 6 ya uru, 2 ya kopa. Mimi K na J.

Tuseme, kwa venye huyo jamaa amecheza toka mwanzo, kuna mikono 20 anaweza kuwa nayo. Hizi namba ni za mfano, usizishike kama Biblia. Kati ya hizo 20, mimi nimepiga 14: pea za 9, K zenye kadi ya kando ndogo kuliko J yangu, na zile za kungoja streti zikakosa. Zilizobaki 6 zimenipiga: flashi, pea mbili, na kadhalika.

Ukisimama hapo, unasema, "Si niko mbele mara 14 kwa 20? Weka!" Hapo ndio mtego.

Weka 4,000 kwa poti ya 3,000 na ujiulize upya. Mwenye pea ya 9 atalipa 4,000 na kopa tatu ziko mezani? Hawezi. Mwenye K na 8? Labda, akiwa amelewa. Tuseme kati ya zile 14 mbovu, 2 tu ndio zinalipa. Lakini zile 6 nzuri zote zinalipa, tena na tabasamu.

Piga hesabu. Mara 2 napata 4,000, hiyo ni 8,000. Mara 6 napoteza 4,000, hiyo ni 24,000. Kwa hiyo mikono 20 nimepoteza 16,000 zaidi ya venye ningepoteza kama ningecheki tu. Ukigawa kwa 20, kila nikisukuma hiyo doo ni kama nachoma bob 800. Na nilikuwa mbele!

Sasa angalia hii. Badala ya 4,000, niweke 900. Hapo mwenye pea ya 9 anaanza kusema, "Aah, wacha nione tu." K mbovu zote zinalipa. Tuseme sasa kati ya zile 14, 8 zinalipa. Zile 6 nzuri bado zinalipa, ama zinaongeza na mimi natupa kadi, hasara ni ileile 900. Mara 8 napata 900, ni 7,200. Mara 6 napoteza 900, ni 5,400. Nimebaki na faida ya 1,800, yaani bob 90 kila mara. Ni doo ya smokie na boilo, lakini iko upande wangu.

Kadi ni zilezile. Jamaa ni yuleyule. Kitu imebadilika ni kiasi tu, na kiasi ndio kinachagua nani anabaki kulipa. Ukiweka kubwa sana unafukuza wabovu wote na unabaki na wakali. Ukiweka ya kiasi, wabovu wanaingia.

Sheria ya kubeba kichwani ni hii: ukiwa wa mwisho kuongea na mwenzako amecheki, weka doo ikiwa unadhani akilipa, utashinda zaidi ya nusu ya hizo mara. Sio nusu ya mara zote. Nusu ya zile mara amelipa. Na uongeze kidogo juu ya nusu, kwa sababu kuna siku ataongeza doo akiwa anadanganya na utatupa kadi ambazo zingeshinda.

Swali la pili: nani mzuri kuliko mimi atatupa?

Hii ni blafu. Uko na takataka, lakini unaweka doo kama mtu ako na moto.

Blafu nayo ina hesabu, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Chukua doo unaweka, gawanya kwa hiyo doo ukijumlisha na poti. Jibu ni mara ngapi mwenzako lazima atupe ndio usipate hasara.

Poti ni 1,000 na unaweka 500: 500 kwa 1,500, ni mara moja kwa tatu. Ukiweka 1,000: 1,000 kwa 2,000, ni nusu. Ukiweka 2,000: 2,000 kwa 3,000, ni mara mbili kwa tatu. Akitupa zaidi ya hapo unakula, akitupa chini ya hapo unaliwa.

So kumbe blafu sio lazima ifanye kazi kila mara. Blafu ya nusu poti ikikataa mara 6 kwa 10 bado uko sawa: mara 4 unachukua 1,000, ni 4,000, mara 6 unapoteza 500, ni 3,000. Lakini hiyo ni kama kadi zako haziwezi kushinda zikifunuliwa. Hapo ndio wengi hukosea. Wanapiga blafu na pea ya 7. Buda, pea ya 7 ikifunuliwa inaweza kushinda yenyewe, bure! Ukiiweka doo, wabovu wanatupa, wakali wanalipa, umegeuza kadi ya maana kuwa takataka.

Kama unataka kuona blafu ya riva ikifanywa venye inafaa, tafuta fainali ya World Series of Poker ya 2003, Las Vegas. Watu 839 waliingia, kiingilio dola 10,000. Mmoja wao alikuwa Chris Moneymaker, na ndio, hilo ni jina lake la kuzaliwa. Alikuwa mhasibu kutoka Tennessee, na nafasi yake aliipata kwa kushinda mashindano madogo ya mtandaoni ya kiingilio cha chini ya dola 100. Mwisho wakabaki wawili: yeye na Sam Farha, mcheza poker wa kulipwa, sigara mdomoni na haiwashi.

Kuna mkono mmoja hapo watu bado wanauongelea. Moneymaker alikuwa na K ya shupaza na 7 ya kopa. Mezani zikatoka 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza, halafu 8 ya shupaza. Hapo ako na shupaza nne anangoja ya tano, na pia ako na 6, 7, 8, 9 anangoja 5 ama 10. Farha akaweka doo, Moneymaker akaongeza, Farha akalipa. Riva ikaanguka 3 ya kopa. Imekosa kila kitu. Ako na K mkavu.

Farha alikuwa na Q na 9, yaani pea kubwa kabisa unayoweza kupata na hizo kadi za mezani. Akacheki. Moneymaker akasukuma zote.

Fikiria maswali yetu mawili. Kuna mtu mbovu kuliko K mkavu atalipa hiyo doo? Hakuna. Akicheki, anaweza kushinda? Karibu haiwezekani, jamaa ameshalipa nyongeza. So njia ya kushinda ilikuwa moja tu, mzuri atupe. Na stori yake ilikuwa imenyooka: mtu aliyeongeza doo wakati shupaza ya tatu imeingia mezani anaonekana kabisa kama mtu ako na flashi. Farha alifikiria sana, hata akamuuliza kama flashi imekosa. Jibu lilikuwa ndio, lakini Moneymaker alikaa kama sanamu. Farha akatupa kadi. Moneymaker akaenda kushinda dola milioni 2.5.

Lakini usisome hiyo stori vibaya ukaenda kusukuma doo kila riva. Blafu ilifanya kazi kwa sababu Farha ni mtu anaweza kutupa kadi nzuri. Kwa keja ya Roysambu, kuna msee atakulipa na pea ya 3 kwa sababu "nilikuwa nataka tu kuona." Huyo usimpige blafu hata siku moja. Blafu ni stori, na yeye hasikilizi stori.

Kadi za katikati: hapa ndio kucheki kunaingia

Ukiunganisha hayo maswali mawili unapata kitu inashangaza kidogo. Kwa riva unaweka doo na kadi kali, na mara zingine unaweka doo na takataka. Zile za katikati ndio unacheki.

Pea ya pili. Pea ya juu na kadi ya kando mbovu, na mezani kumekuwa kubaya. Hizo kadi zinashinda mara kadhaa zikifunuliwa, lakini ukiziwekea doo ya maana mbovu anahepa na mzuri anabaki. Maswali yote mawili jibu ni "hakuna." Kama hakuna mbovu wa kulipa na hakuna mzuri wa kutupa, doo yako inafanya nini mezani? Gonga meza, fungua kadi, ukishinda umeshinda, ukishindwa umeokoa.

Ukiwa wa kwanza kuongea mambo inabadilika

Mpaka hapo nimeongea kama uko wa mwisho. Hapo ukicheki mchezo umeisha. Lakini ukiwa wa kwanza, ukicheki unampa mwenzako zamu, na anaweza kuweka doo ukabaki unatoa jasho.

Kwa hiyo swali la ziada ni: nikicheki, huyu mtu atafanya nini?

Kama ni mtu wa fujo, wa kuweka doo kila akiona udhaifu, wakati mwingine ni poa kucheki hata na kadi kali. Mwache ajilete. Takataka yake isingelipa doo yako, lakini atajiwekea mwenyewe.

Kama ni mvivu, mtu wa kufurahi tu kufunua kadi bure, usimngoje. Weka mwenyewe. Kadi kali ukicheki kwa mvivu, na yeye atacheki, na umekosa malipo.

Halafu kuna ile ya katikati. Poti ni 1,000, uko na pea ya wastani, na unajua ukicheki huyu ataweka 700 akiwa na kitu, na unajijua, utalipa tu kwa sababu roho haitatulia. Hapo unaweza kuweka 250 mwenyewe. Wabovu kadhaa wanalipa 250, na wengi wa waliokupiga kidogo tu wanalipa pia bila kuongeza. Ukishindwa umepoteza 250 badala ya 700. Hii inaweza kuwa sawa hata kama ukilipwa unashindwa zaidi ya nusu, kwa sababu unalinganisha na hasara kubwa ya kucheki, sio na sifuri. Lakini ukiongezewa doo juu ya hiyo 250, tupa. Usilie.

Na kama ulicheki na yeye ameweka, hesabu ya kulipa ni hii: poti 1,000, ameweka 500. Unalipa 500 upate 1,500. Inatosha ushinde mara 1 kwa 4. Akiweka 1,000, unalipa 1,000 upate 2,000, unahitaji mara 1 kwa 3. Jiulize tu: huyu mtu hudanganya mara ngapi?

Hasara yenye haionekani

Sasa sehemu yenye ilinichukua muda kuelewa kuliko zote.

Baada ya ile Jumamosi nilikuwa muoga. Nilikopa rent kwa siste yangu, nikakaa wiki tatu bila kucheza, nikarudi na doo kidogo na sheria mpya: kwa riva, tulia. Nilikuwa nacheki kila kitu. Nilidhani nimekomaa.

Siku moja nikapata A na Q. Mezani Q, 8, 3, 5, 2, hakuna flashi, hakuna kitu ya kutisha. Nimebaki na dem mmoja hukosa kabisa kutupa pea, hata umlipe. Poti 1,200. Akacheki. Nikaona ile 2 ya kopa kwa macho ya roho, nikacheki. Akafunua Q na 9. Nikachukua 1,200, nikafurahi.

Profesa akamuuliza mbele yangu, "Angeweka 800 ungelipa?" Dem akasema, "Kwani? Si niko na pea ya juu." 

Hapo ndio ilinigonga. Ile 4,000 niliyosukuma Jumamosi niliiona ikienda, iliniuma, nikaikumbuka. Hii 800 sikuiona. Hakuna mtu alinichukulia kitu kwa mfuko. Lakini ilikuwa yangu na niliiacha mezani, na kwa hizo wiki nilikuwa nimeziacha nyingi bila kujua. Kucheki kwa uoga kunakula doo polepole, na haikuachii hata kidonda ya kukuonyesha umeliwa.

Na ukiangalia vizuri, makosa yangu yote mawili yalitoka kwa kitu kimoja. Siku ya kwanza niliweka kwa sababu nilikuwa nataka rent. Siku ya pili nilicheki kwa sababu nilikuwa naogopa rent. Siku zote mbili sikuwa nafikiria kadi za mwenzangu. Nilikuwa nafikiria landlord.

Ndio maana kama kuna kitu moja unabeba kutoka hapa, usicheze na doo ya keja, ya fees, ama ya mathee. Sisemi hivyo kama mhubiri. Nasema kwa sababu hesabu zote nimekupea hapa juu hazifanyi kazi kwa kichwa cha mtu anajua kesho atafungiwa mlango. Utasukuma penye unafaa kutulia na utatulia penye unafaa kusukuma. Na kama hujafika miaka 18, cheza ya "niko kadi," iko sawa kabisa.

Kwa ufupi, kabla uguse doo yako kwa riva

Kadi kali: weka. Chagua kiasi chenye mbovu anaweza kulipa.

Kadi ya katikati: ukiwa wa mwisho, mara nyingi tulia. Ukiwa wa kwanza, angalia mwenzako ni wa aina gani.

Takataka: piga blafu ikiwa stori yako imenyooka na mwenzako ni mtu anaweza kutupa. La sivyo, kubali umekosa na ungoje mkono mwingine.

Mtu wa kulipa kila kitu: mlipishe sana, usimdanganye. Mtu muoga: mdanganye mara moja moja, na siku akikuongezea doo kwa riva, kimbia.

Wiki iliyopita nilikuwa tena Roysambu. Poti ya 1,000, pea ya J, hakuna kitu kubwa kuliko hiyo J mezani. Yule jamaa mpole akacheki. Nikajiuliza, nani mbovu atalipa? Nikahesabu pea za chini angeweza kuwa nazo, nikaona ziko nyingi kuliko zenye zimenipiga, nikaweka 400. Akalipa, akafunua pea ya Q aliyoshikilia tangu mwanzo.

Nilipoteza 400. Profesa akaniangalia, akaniuliza lile swali lake, ulikuwa unataka nani akulipe? Nikamtajia mikono mitano bila kufikiria. Akatingisha kichwa, akaendelea kuchanganya kadi. Rent nilikuwa nimelipa tarehe 3.